Kasi ya Ukumbi wa Pili

Sene 19
Daftari hili nilipewa na kampuni kwa ajili ya vipimo. Siku hizi vipimo vinajiandika vyenyewe kwenye kompyuta, kwa hiyo kurasa zote ni tupu, nami sipendi kutupa karatasi. Nimefika Debre Birhan juzi; kwa kalenda yetu ya Ethiopia Sene ndio mwezi mvua zinapoanza. Baridi ya hapa inauma hadi kwenye meno. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Asnakech, ambaye anafanya kazi kiwanda hichohicho ninachokwenda kupima. Ana binti wa shule, Bezawit, na ana ulimi usiopumzika. Kabla sijaweka begi chini alishaniuliza kama nimeoa, kama niliachwa, na kama viatu vyangu nilivinunua au nilivishinda kwenye bahati nasibu.

Sene 21
Niandike kazi yenyewe, nisije nikasahau nilichotumwa. Kiwanda kinashona makoti. Kuna kumbi mbili, na katikati ua mpana wa malori. Ukumbi wa kwanza wanashona, wa pili wanakagua, wanakunja na kufunga. Kila mfanyakazi ana skrini mezani pake. Akimaliza furushi anaskani lebo, na hesabu inakwenda ofisini kwa Wi-Fi. Vituo vya Wi-Fi vilifungwa na kampuni yetu, kumi na viwili. Sita vya ukumbi wa kwanza vina waya. Sita vya ukumbi wa pili havina. Kituo cha saba kimetundikwa ukutani nje, kikitazamana na mwenzake ng'ambo ya ua. Vitano vilivyo nyuma yake vinakipa mzigo wote wa data, nacho kinaurusha hewani kuvuka ua. Njia hiyo ya kurudisha mzigo sisi mafundi tunaiita mgongo. Ninapima kasi ya mgongo mara tatu kwa siku hadi mvua ziishe. Kisha ripoti, sahihi, makabidhiano.

Leo: megabiti 412, 405, 409. Injinia Shimelis, mkuu wangu wa kazi, alicheka kwenye simu. "Gedamu, umeona? Na wale waliosema bila kuchimba waya haiwezekani, wako wapi?" Mtu huyu alinitoa kwenye kibanda cha kutengeneza simu akanifundisha kila ninachokijua. Nikamwambia sijui waliko.

Sene 22
411, 408, 410.

Sene 23
Vilevile. Asnakech kanipikia shiro, mchuzi wa unga wa dengu, bila kuombwa, kisha akalalamika kwamba ninakula polepole.

Sene 27
Mvua ya kwanza kubwa, saa tisa alasiri. Ua ukawa mweupe, sikuona hata ukuta wa pili. Nikapima: 31. Nikadhani nimekosea, nikarudia: 27. Baada ya nusu saa mvua ikakatika, na kipimo kikarudi 402.

Nikampigia Injinia.

"Sasa kwa nini unapima ikinyesha?" akauliza.

"Kwa sababu watu wanafanya kazi ikinyesha, Injinia."

"Gedamu, mvua ni dakika ishirini. Siku ina saa nane za kazi. Chukua wastani, ulale."

Nilichukua wastani. Ulitoka vizuri.

Hamle 3
Asnakech alinisimamisha mlangoni nikitoka kuoga, taulo mabegani.

"Fundi, ile skrini yangu inazungusha duara. Naskani, inazunguka. Naskani tena, inazunguka. Wi-Fi imejaa mistari yote, lakini haiendi."

Nilijua kwa nini. Mistari inaonyesha kwamba skrini inasikilizana na kituo kilicho juu ya kichwa chake, haionyeshi kama kituo hicho kina pa kupeleka mzigo. Ningeweza kumweleza kwa maneno kumi. Nilikuwa nasikia baridi, na sikutaka mama mwenye nyumba anifundishe kazi yangu.

"Futa vidole, Mama Bezawit," nikamwambia. "Unagusa na vidole vyenye vumbi. Na usiguse mara mbilimbili, unaichanganya."

Akatazama vidole vyake, pande zote mbili.

Hamle 5
Mvua asubuhi na jioni. 40, 398, 22.

Hamle 6
Asnakech amenunua kitambaa kipya. Anafuta vidole kabla ya kila furushi. Bezawit ndiye aliyenisimulia, akicheka.

Hamle 9
Mvua ya mawe ilitoboa bati juu ya kitanda changu. Nilipofika nyumbani nikakuta kitanda kimesogezwa hadi ukutani, gabi langu, lile shuka zito la pamba, limetandazwa juu ya kiti karibu na moto, na kompyuta ya akiba imefunikwa kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya viatu. Asnakech alikuwa amelowa hadi viwiko. "Usinishukuru," akasema. "Ungeumwa, ningekuuguza mimi." Kumbe huyu mama ulimi wake na mikono yake si ndugu.

Hamle 10
Mvua siku nzima. 25, 19, 33. Ule wastani wa Injinia umeanza kuona aibu.

Hamle 12
Leo Belachew, msimamizi wa ukumbi wa pili, alipanda juu ya kasha akasoma utaratibu mpya. Skrini ikikaa zaidi ya nusu saa kwa zamu bila kuskani, mfanyakazi amezembea, anapewa onyo. Onyo la tatu, anakwenda zake. "Na hakuna wa kumlaumu," akasema. "Siyo mimi ninayehesabu. Mashine inahesabu yenyewe, haina shangazi wala mjomba."

Wakapiga makofi kidogo, kama watu wanavyopiga wakijua wanatazamwa. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikikaza skrubu za kituo cha tisa.

Hamle 14
Mvua.

Hamle 15
Mvua. 18. Sijawahi kuona 18.

Hamle 19, Ijumaa
Orodha ya maonyo imebandikwa karibu na bwalo. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina tarehe, saa na namba ya skrini. Nilisimama na sahani yangu nikaisoma hadi chakula kikapoa. Wote ni wa ukumbi wa pili. Hakuna hata mmoja wa ukumbi wa kwanza. Nikafungua vipimo vyangu kwenye simu nikaviweka kando ya orodha, na kwa kila kipimo nikanakili saa za maonyo na namba za skrini. Hamle 15, saa nane hadi saa tisa na robo, uzembe: watu saba. Hamle 15, saa nane na nusu, kipimo changu: 18. Siku baada ya siku, saa kwa saa, zilikaa pamoja kama mbao mbili zilizokatwa kwa msumeno mmoja. Asnakech yupo, wa nne kutoka juu.

Injinia alikuja leo kutoka Addis kumwona mteja. Nikamfuata garini, nikamwonyesha. Alisoma kwa makini. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma vipimo, hakuhitaji maelezo.

"Hii umemwonyesha nani?"

"Wewe tu."

"Vizuri." Akafunga kioo upande wake ili mvua isiingie, nami nikabaki nimeinama dirishani upande wa pili. "Sikiliza, mdogo wangu. Mkataba unasema mgongo usishuke chini ya mia mbili. Hausemi mvua, hausemi jua. Tukikiri hii, tutachimba ua kwa gharama yetu, na wewe na mimi tutaanza kutafuta kazi."

"Lakini kuna watu wanaandikiwa maonyo."

"Maonyo si kazi yetu. Sisi tunapima mtandao, hatupimi watu." Kisha akalainisha sauti, ile sauti aliyoitumia kibandani siku aliyonichukua. "Njoo upime Jumapili asubuhi. Ukumbi mtupu, mbingu safi. Ndiyo hali ya kawaida ya mtambo. Andika hivyo, saini. Mwezi wa Meskerem naanza mradi wa Hawassa, nataka fundi mkuu, na simjui mwingine."

Niliporudi ndani nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Nimeandika maneno yake yote hapa kwa sababu nataka kujua baadaye ni neno lipi lililoninunua.

Hamle 21, Jumapili
Jua. Ukumbi mtupu, meza zimefunikwa. 414, 412, 415. Nimesaini.

Hamle 28
Asnakech ana mbinu mpya. Amekata kipande cha boksi, na kila furushi analofunga anapiga mstari wa penseli, mistari mitano mitano, na pembeni anaandika saa ambayo duara lilianza kuzunguka. Alinionyesha nyumbani tukinywa kahawa. "Wakisema nimekaa bure, nitawaambia, haya basi, mistari hii niliichora nikiwa nimelala?" Bezawit akacheka, na mimi nikacheka. Saa zake nilizitambua zote.

Nehase 2
Mfungo wa Filseta umeanza. Kabichi na dengu. 30, 26, 388.

Nehase 6
Onyo la pili la Asnakech.

Nehase 7
Hakunitania leo. Nilivaa soksi mbili zisizofanana makusudi, aone. Hakuona.

Nehase 13
Watoto wanazunguka mitaani wakiimba na kugonga fimbo mlangoni kwa ajili ya sikukuu. Asnakech aliwapa mkate uliokuwa wa kesho. Nilimuuliza kwa nini asiombe kuhamishiwa ukumbi wa kwanza. "Miaka sita niko meza ileile," akasema. "Nikihama nitakuwa nimekubali kwamba tatizo ni mimi." Halafu akasema polepole, "Fundi, wewe unaijua mitambo. Vidole vyangu nimevifuta hadi vimechubuka. Kuna kitu kingine?"

Nikasema nitaangalia.

Nehase 14
Sikuangalia kitu. Cha kuangalia ninacho tangu Sene.

Nehase 20
Onyo la tatu. Mvua ilianza saa saba na nusu ikakata saa kumi na moja. 16.

Nehase 24
Kamati ya nidhamu ilikaa leo kusikiliza shauri la Asnakech. Bi Tsigereda, mkuu wa utumishi, alikuwa katikati, Belachew kulia kwake, Injinia Shimelis kushoto kama mtaalamu, na mimi kwenye kiti cha pembeni, kwa kuwa Asnakech mwenyewe ndiye aliyeomba niitwe. Alinitaja kwa jina. Asubuhi alinipigia pasi shati.

Aliingia na maboksi yake yamefungwa kwa utepe, vipande kama ishirini. Akaviweka mezani mbele ya Bi Tsigereda.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni kazi yangu. Mafurushi niliyofunga wakati mashine inasema nimekaa bure. Na saa ziko hapa. Mvua ikinyesha skrini inazunguka. Siyo yangu peke yangu. Waulizeni wote."

Belachew akachukua kipande kimoja kwa vidole viwili. "Boksi na penseli! Hata mtoto wangu wa chekechea anachora hivi."

"Mtoto wako ameshawahi kufunga makoti mia mbili kwa zamu?" akauliza Asnakech.

Bi Tsigereda akainua mkono wanyamaze. Si mtu mbaya, aligeuza vipande vyote kimoja kimoja. Kisha akamtazama Injinia, naye akasogeza ripoti mbele yake. Karatasi nyeupe, nembo juu, 414, 412, 415, na chini kabisa sahihi yangu, ile ya mapozi niliyoibuni nikiwa sekondari.

"Gedamu," Bi Tsigereda akasema, "hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Je, mtandao wa ukumbi wa pili ulikuwa mzima?"

Asnakech alikuwa ananitazama, hana wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alikuwa amekaa kama mtu aliyefika mahali ambapo mwanawe ni hakimu.

Nikasema, "Kwa mujibu wa ripoti, ulikuwa mzima."

Belachew akakusanya maboksi akayapanga vizuri, ncha kwa ncha, akamrudishia. Asnakech akayapokea kwa mikono miwili. Hakunitazama tena. Mlangoni akasema, "Asanteni kwa muda wenu," na akaufunga mlango taratibu usigonge.

Injinia alinishika bega kwenye korido. Niliogopa mkono wake utanuka, lakini ulinuka sabuni tu.

Nehase 25
Asnakech aliniletea kahawa chumbani kama kawaida. Aliiweka chini, akatoka. Afadhali angenimwagia.

Nehase 29
Wote kumi na mmoja wameondolewa. Wapya wameshaingia, wasichana wa vijijini. Saa nane mvua ilinyesha, nikaona kumi na mmoja wengine wanafuta vidole kwenye aproni.

Pagume 3
Siku ya Malaika Rufael, katika mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu. Mvua ya leo ni ya baraka, na mtaa mzima ulitoka kuoga. Asnakech na Bezawit walisimama uani vichwa wazi, macho wamefumba. Bezawit akaita, "Kaka Gedamu, toka uoge!" Nikasikia mama yake akimwambia, "Mwache. Ana kazi."

Nilikaa kitandani nikapanga vipimo vyangu vyote tangu Sene, siku kwa siku, nikaandika kando ya kila kipimo kama mvua ilinyesha au la.

Pagume 4
Niliingia kwa Bi Tsigereda saa mbili asubuhi, nikamwekea mezani karatasi kumi na nne. Nilitayarisha hotuba. Sikuihitaji, alielewa kwenye karatasi ya pili. Alifungua faili la maonyo mwenyewe, akaweka maonyo na vipimo kando kwa kando, kama nilivyofanya mimi nikiwa na sahani ya chakula.

"Hizi ulikuwa nazo Nehase 24?"

"Nilikuwa nazo."

Akavua miwani. "Kwa nini unaniletea leo?"

Nikasema sikuweza kulala. Jibu la kitoto. Alilipuuza, kama lilivyostahili.

"Waya utachimbwa," akasema. "Kampuni yenu itachimba, wiki hii, au nitavunja mkataba."

"Na wale watu?"

Alipanga karatasi zangu. "Gedamu, nikimrudisha mmoja nitawarudisha kumi na mmoja. Nikiwarudisha kumi na mmoja itabidi niandike kwa nini, na mnunuzi wetu anasoma kila ninachoandika. Mafaili yamefungwa. Mtandao tutautengeneza. Hilo naliweza."

Akafunga karatasi zangu kwenye kabati. Nikatoka na mikono mitupu. Nilikwenda na ukweli, nikausaidia mtambo.

Meskerem 1
Mwaka mpya. Maua ya manjano kila mlango. Asnakech kaniwekea kipande cha mkate na sahani ya kuku mlangoni. Nilisikia wageni wake wakimuuliza habari za kazi. Akasema yuko mapumzikoni.

Meskerem 6
Waya umepita. Kuchimba ua, kulaza bomba na kufukia kumechukua siku mbili na nusu. Siku mbili na nusu! Nilipima saa tisa, mvua ya mwisho ya msimu ikipiga: 941. Nikapima tena: 941. Haukutikisika. Kituo cha saba nimekishusha ukutani mwenyewe. Mtandao huu sasa ni mzuri kuliko wote niliowahi kufunga.

Injinia alisimama nyuma yangu. Nilitegemea matusi. "Umeniingiza hasara," akasema, "lakini mteja amefurahi, na kazi imebaki. Nimekusamehe. Hawassa tunaondoka tarehe ishirini." Akanipa ripoti mpya nisaini. Kila kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kweli. Nikasaini, na mkono ulikuwa mzito kuliko ile Jumapili.

Meskerem 7
Nilimkuta Asnakech jikoni anakaanga shayiri. Nimesema yote, kuanzia vidole. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Alikoroga shayiri hadi mwisho, akaipua, akaimwaga kwenye ungo.

"Nilijua tangu siku ile kwenye kamati," akasema. "Mtu asiyejua kitu hasemi 'kwa mujibu wa'. Anasema sijui."

"Nisamehe, Mama Bezawit."

"Msamaha tutaongea siku nyingine. Kalete kalamu."

Alitaka barua ya kupeleka ofisi ya kazi ya serikali. Niliandika pale pale, karatasi juu ya goti: kwamba mtandao wa ukumbi wa pili ulikuwa na hitilafu wakati wa mvua, kwamba hitilafu hiyo ilisababisha skrini kukaa bila kusajili kazi. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni habari ya mashine. Ofisi ya kazi haitaifukuza mashine. Wewe uko wapi humo?"

Nikaongeza kwamba mimi, Gedamu, ndiye niliyepima.

"Bado."

Nilikaa muda mrefu na kalamu. Bezawit alikuwa amesimama mlangoni na daftari zake za shule. Nikaandika: Nilijua. Nilikuwa na vipimo mkononi siku ile kamati iliponiuliza, nikaficha.

"Sasa weka ile sahihi yako nzuri," akasema Asnakech.

Meskerem 8
Nimempigia Injinia kumwambia Hawassa siendi na kwa nini. Alisema jambo moja: "Nilikutoa kibandani." Akakata.

Meskerem 21
Ofisi ya kazi ilimwita Bi Tsigereda, na hawakuchukua hata saa moja kuelewana. Asnakech amerudishwa. Lakini amerudishwa kama mfanyakazi mpya, miezi mitatu ya majaribio, namba mpya kifuani. Miaka sita imefutwa. Alikubali kwa sababu Bezawit anaanza kidato kipya, na hakutaka nimpongeze.

Jioni alikuja kukaa kwenye kizingiti cha chumba changu, mara ya kwanza tangu Nehase. Begi langu lilikuwa tayari, kesho narudi Addis kutafuta kazi.

"Haizunguki tena," akasema. "Naigusa tu, inaitika." Akasugua vidole. "Wenzangu tulioondolewa pamoja wananiuliza nani aliniandikia mimi barua. Niwaambie nini?"

Nikachukua karatasi. "Nitajie majina yao."

Alinitazama kwanza, kama anayepima kitambaa kama kitatosha. Kisha akaanza kutaja, nami nikaandika: Fantanesh, Zenebech, Mulu wa meza ya mlangoni, Etagegn na mdogo wake Abaynesh, Worknesh. Sita. Wanne waliobaki kati ya wale kumi walikuwa wa zamu nyingine, na majina yao hakuyajua. Orodha ya bwaloni ilishabanduliwa. Nikafungua vipimo vyangu kuwatafuta. Wamo, kila mmoja na saa yake na mvua yake, lakini siku ile bwaloni mimi nilikuwa nimenakili namba za skrini tu, si majina.